Sauti ya Hadija na Sindano ya Cherehani

Durban, Jumamosi, saa nane mchana

Sauda mwanangu,

Nimekuacha kwa Mama Clarisse, kichwa chako kikiwa mikononi mwake, na mwenyewe kanifukuza. "Baba Sauda, huyu mutoto iko na nywele mingi, eish! Enda kwanza. Urudie saa kumi na mbili, na bado utatukuta hapa." Wateja wake wakacheka, wewe ukacheka, nami nikatoka pale saluni nikizishukuru nywele zako. Zimenipa saa nne, nami nazihitaji zote, maana nataka kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa miaka kumi na miwili.

Mambo ya safari sitayarudia. Basi la kesho unalijua, pasi unayo, na njia nzima utakuwa na wale wenzetu wa Tanga wanaorudi na mizigo yao. Kama kuna nililosahau, uliza watu. Mdomo unao, na huo hukuurithi kwangu.

Nataka kukuambia habari ya sahani.

Ile sahani ya santuri ya mama yako, uliyoizungushia kanga mbili na kuilaza katikati ya nguo ili isipinde, haina sauti tena. Haijavunjika wala haijapinda, na ukiigeuza kwenye mwanga inang'aa. Ukiiweka kwenye gramafoni utasikia ngoma, utasikia gitaa la besi, utasikia fidla kwa mbali, na pale anapoanza mama yako utasikia kitu kama mafuta ya kukaangia. Nimeimaliza mimi. Miaka yote nilipokuambia kwamba tunaihifadhi, ilikuwa imekwisha kufa.

Huenda ningekuacha uende hivyo hivyo, kwa tabia yangu ninavyoijua. Lakini Alhamisi nilimpigia simu bibi yako, mama yake mama yako Hadija, kumwambia siku utakayofika. Unajua macho yake yamekwenda na masikio ndiyo yamebaki. Alikuwa na furaha mpaka anakohoa. Akaniambia, "Mwanangu, gramafoni nimeshaipata, nimeazima kwa jirani. Nimewaambia na wenzangu wa kilabu, wale tuliobaki. Ijumaa baada ya sala ya alasiri tutakaa ukumbini. Mjukuu wangu aniletee Hadija wangu."

Nikasema, "Inshallah, mama."

Kisha akauliza, "Bado anaimba vizuri?"

Nikamjibu, "Vizuri sana, mama."

Hakuna aliyenishika koo. Ningeweza kusema hapana, neno moja tu, na simu za kimataifa jinsi zinavyokatika huenda hata lisingefika. Nikasema vizuri sana, nikalipa, nikatoka. Tangu hapo kila nikifumba macho nawaona wale wazee wamevaa, wamejifukiza udi, wamekaa kwenye mkeka, na wewe umeinama unashusha sindano. Mkono utakaoshusha ile sindano ni wako. Ndiyo sababu naandika.

Nianze mbali kidogo, maana mimi ni fundi, na fundi hawezi kueleza kilichoharibika bila kueleza kinavyofanya kazi.

Babu yako, baba yangu, alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, yenye tarumbeta. Sahani zake zilikuwa nzito na nyeusi, na zilikuwa zinavunjika kama vyombo vya udongo. Za Misri alikuwa nazo, za Bombay alikuwa nazo, na zile alizozipenda kupita zote, za waimbaji wetu wa pwani, waliopelekwa mbali na Wazungu na Wahindi wa biashara wakaimba mbele ya pembe kubwa, kisha sauti zao zikarudi kwa meli ndani ya makasha yenye majani makavu. Alikuwa na kikopo cha sindano za chuma. Wimbo mmoja, sindano moja. Ukimaliza unaitupa, unaweka mpya. Siku moja nikaona uchoyo, nikaitumia sindano moja kwa nyimbo mbili. Alinichapa kofi ambalo nikiligusa shavu hili bado nalisikia. "Sindano butu inakula sahani," akaniambia. "Ile si rangi nyeusi unayoiona. Ile ni sauti ya mtu."

Kwa hiyo nilifundishwa, Sauda. Usije ukanionea huruma ukasema baba hakujua.

Baadaye zikaja hizi za plastiki, nyepesi, ukiidondosha unaiokota. Zikaja gramafoni za betri, ndogo kama begi, mtu anaibeba anakwenda nayo ufukweni. Tukadhani sasa raha. Kitu kikikataa kuvunjika mtu hukidharau, nasi tulizirundika chini ya vitanda, tukafunikia chai, watoto wakazifanya magurudumu. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndani yake kazi ni ile ile ya zamani. Sauti imechorwa kwa kijitaro chembamba kuliko unywele, na sindano inatembea humo ikitikisika vile vile alivyotikisika mwimbaji. Kila inapopita inagusa, na kila inapogusa inaondoa chembe.

Mama yako nilimjua kwa vyombo. Nilikuwa fundi wa vipaza sauti wa kilabu cha taarabu, Tanga, kijana wa suruali pana na majivuno mapana zaidi. Usiku wa kwanza kumfungia kipaza sauti, nilikirekebisha mara tatu bila sababu. Akaniambia, "Fundi, kimeharibika hicho au umeharibika wewe?" Kilabu kizima kikasikia, maana kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. Nikamwoa mwaka uliofuata.

Kabla ya ndoa tulikwenda Nairobi kurekodi. Kwetu hakukuwa na kiwanda cha kugandamiza sahani, kila mwenye wimbo alipanda basi. Aliimba mara moja tu, bila kukosea, amesimama na viatu amevivua. Sahani zenyewe zilichelewa. Tatu tulizipata kwa mkono wa kondakta, zilizobaki tukaambiwa zitakuja kwenye kasha, halafu mpaka wa Kenya ukafungwa, na kasha likabaki huko mpaka leo. Moja tuliipeleka redioni na hatukuiona tena. Moja alipewa bibi yako. Akaiazimisha kwa watu wa harusi, wakaiacha kwenye kiti cha gari juani, ikarudi imepinda kama ganda la papai. Ya tatu ndiyo hii.

Utauliza kwa nini mwimbaji kama yule alikuwa na wimbo mmoja tu. Uliniuliza ulipokuwa na miaka kumi na mitatu, nikakuambia maisha yalikuwa magumu. Yalikuwa magumu, lakini si hivyo. Nilimkataza.

Ilikuwa harusini, wewe ukiwa na miezi miwili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi jukwaani tangu ajifungue. Unajua watu wanavyotunza kwenye taarabu: wimbo ukimchoma mtu anainuka, anacheza mpaka mbele, anampa mwimbaji noti. Wanawake wakatunza, nikafurahi. Akainuka mwanamume mmoja, mtu mzima, mfanyabiashara wa chumvi, akampa noti mkononi na akauchelewesha mkono wake kidogo. Kidogo sana. Labda hakuuchelewesha hata. Mimi nilikuwa nyuma ya amplifaya, nikaizima. Ukumbi mzima ukabaki na sauti yake tupu, bila vyombo, na yeye akaendelea kuimba mpaka mwisho wa ubeti.

Nyumbani nikamwambia, "Mke wangu hatunzwi na wanaume."

"Wanautunza wimbo," akasema. "Mimi nimeusimamia tu."

"Wimbo hauna mkono wa kupokelea noti."

Alicheka kwanza, akidhani ni mzaha wangu wa kawaida. Kisha akaniona uso. Akakuinua, akakuweka begani, akasema, "Sawa, Baba Sauda." Hakulia, hakununa, hakwenda kwa mama yake kushitaki. Wiki ya pili watu wa kilabu wakaja kumwita akarekodi tena, safari hii redioni, nyimbo mbili mpya zilikuwa tayari. Mimi ndiye niliyetoka mlangoni kuwajibu.

Ungedhani basi alikuwa akiimba nyumbani. Nami nilidhani hivyo. Nilitaka aniimbie mimi peke yangu, ndani, mlango umefungwa. Nikamwomba siku moja akiosha vyombo. Akasema, "Leo sina sauti." Ile leo ilichukua miaka mitatu na ushee. Mvua za masika zikaja, akapata homa siku ya Jumanne, Alhamisi tukamzika.

Nyumba yetu ilikuwa na utulivu miaka ile yote, nami nilikuwa nikijisifu kwa wenzangu kwamba mke wangu hana kelele. Sauda, ukiwa na mtu wako na ukaona amenyamaza, usishukuru. Muulize. Akisema si kitu, muulize tena kesho yake.

Sasa nifike penye sindano.

Baada ya arobaini niliitoa ile sahani. Mwanzoni niliipiga mara moja kwa siku, baada ya kazi. Kisha asubuhi na jioni. Wewe ulikuwa unakaa mapajani mwangu unatikisa miguu. Na ndipo sindano ya gramafoni ikachakaa. Ilikuwa miaka ile dukani hakuna sabuni, hakuna sukari, dawa ya meno ni mkaa na chumvi. Utapata wapi sindano ya almasi? Niliulizia Tanga nzima, nikaulizia Mombasa kwa watu wa magendo. Hakuna.

Mwenye akili angeifunga ile sahani kwenye kitambaa akangoja. Mimi nilikuwa fundi. Nilichukua sindano ya cherehani, nikaikata, nikaisugua kwenye jiwe la kunolea, nikaibana kwenye kichwa cha gramafoni kwa uzi na gundi. Ikawa inarukaruka, nyepesi mno, basi nikaiwekea sarafu ya shilingi juu ili itulie. Ikatulia. Hadija akaimba! Nililia kwa furaha, na nakuambia kweli, sikumlilia mama yako pale alipokufa kama nilivyoililia akili yangu siku ile.

Habari zikaenea. Mtaa mzima ukaniletea gramafoni zao, nami nikazichomeka zote sindano za cherehani na sarafu. Wakaniita Fundi Almasi. Nimeziharibu sahani za watu wangapi, sijui, na wote walinishukuru.

Jioni, baada ya kupiga, ncha ile ilikuwa na unga mweusi. Kidogo tu, kama masizi. Nilikuwa naufuta kwa kidole gumba, kidole naufutia suruali. Kila jioni. Nilikumbuka kofi la baba yangu? Nilikumbuka. Nikajiambia ni vumbi.

Sauti nyembamba ndizo zinazokwenda kwanza. Sikiliza, hili nililijifunza kwa shida: sindano mbovu haili wimbo wote pamoja. Ngoma na besi ni mawimbi mapana, yanavumilia. Sauti ya mwanamke, hasa anapopanda juu, imechorwa kwa vijipindo vidogo sana, na hivyo ndivyo vinavyofyekwa mwanzo. Ilianza kupotea ile "s" yake. Kisha pale anapopanda mwishoni mwa ubeti. Kisha akawa kama anaimba chumba cha pili. Vyombo vilibaki, na mimi kwa upumbavu nikaongeza sauti ya gramafoni, nikaongeza sarafu ya pili.

Kinyozi wetu alikuwa na redio kaseti. Alinijia mwenyewe, akasema, "Fundi, tuirekodi kwenye kanda kabla haijachoka." Kazi ya dakika tano. Nikamjibu kwamba kanda ni kitu cha kunakiliwa, leo unayo wewe, kesho inauzwa stendi ya mabasi, walevi wananunua sauti ya mke wangu kwa bei ya sigara. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. Amekufa mwanamke, nami bado namfungia mlango.

Siku niliyoacha ni hii. Ulikuwa na miaka saba, umetoka chuo cha Kurani, umevua viatu. Nilikuwa nimeweka sahani. Ukasimama katikati ya chumba, ukakunja uso, ukauliza, "Baba, mbona mama anaimba mbali?"

Niliuinua mkono wa gramafoni. Nikakuambia betri zimechoka. Kesho yake nikaitia sahani kwenye jalada lake, nikaiweka juu ya kabati, nikakuambia tunaihifadhi mpaka utakapokuwa mkubwa. Ukaniamini. Umenisaidia kuibeba mpaka huku Durban, miaka minne imekaa juu ya kabati la chumba hiki cha South Beach na ukiipangusa kila Jumapili. Ulikuwa ukiipangusa, nami nikijifanya nasoma gazeti.

Jumanne ulikuwa unakunja nguo huku unaimba ule wimbo. Hukujua kwamba nasikiliza. Ukaimba, "Kikombe nimekisuza, mlangoni hajanena." Ndivyo unavyouimba siku zote, na hujawahi kujiuliza kwa nini hauna maana. Sindano ilikuwa inaruka pale. Ulijifunza wimbo wa mama yako pamoja na kovu lake. Unavyotakiwa kuwa ni hivi:

Kikombe nimekisuza, kahawa nimemimina,
Mgeni amejikuza, mlangoni hajanena.

Maneno ninayo yote, beti zote nne, nitakuandikia nyuma ya karatasi hii. Maneno hayakuwa shida kamwe. Maneno hata mimi naweza kuyaimba, na ukinisikia utalia kwa sababu nyingine.

Unajua kazi yangu hapa mjini, pale nyuma ya duka la Mzee Pillay, Grey Street. Hujawahi kuniuliza kwa nini, kati ya kazi zote za Durban, nikachagua kutengeneza gramafoni wakati dunia nzima inazitupa. Tulipofika, Mzee Pillay alikuwa anauza CD mbele, na sahani alikuwa amezirundika nyuma kama tofali. Watu walikuwa wanakuja na sanduku za marehemu wao, wanaziacha kwenye ngazi na kuondoka bila kungoja bei. Kisha wakaanza kuja vijana wanaopiga muziki kwenye vilabu, wanataka sahani na si kingine. Mmoja wao, yule mwenye kofia ya kugeuza, nilimuuliza anaona nini humu. Akaniambia, "Baba, hii naishika. CD inapiga yenyewe, mimi nasimama tu. Hii nikiigusa inanijibu, sharp?" Wakaja na wageni, mmoja kutoka Japani, alikaa sakafuni siku mbili akinusa majalada. Wanasema sauti yake ina joto. Wanasema itarudi, kwamba watu watachoka na vitu visivyoshikika.

Huwa nawasikiliza, nawapimia uzito wa mkono wa gramafoni kwa mizani ndogo, nawauzia sindano nzuri, nawakaripia wakiweka sarafu. Oo, nawakaripia sana. Hakuna fundi mkali wa sindano kama mimi katika Durban nzima. Wewe mwenyewe umewahi kuniambia, "Baba, wateja watakukimbia." Wakienda wanasema mzee yule anazipenda sahani. Mimi nazipenda? Naziogopa. Kila ninapoona mtu anashusha sindano naona anakula kitu ambacho hakitarudi, na namwona anatabasamu.

Mwaka juzi niliichukua ile yetu kwa siri nikaenda nayo dukani. Kuna sindano za almasi zenye ncha ya namna nyingine, nyembamba, zinazoshuka chini zaidi kwenye mtaro, mahali ambapo sindano ya kwanza haikufika. Nilikuwa nimesikia kwamba wakati mwingine sauti hubaki huko chini. Nilimngoja Mzee Pillay aende msikitini Ijumaa, nikakumbuka si Mwislamu, nikangoja akale. Niliiosha sahani kwa maji ya mvua. Nikaishusha ile sindano kwa pumzi.

Ngoma. Besi. Fidla. Mafuta yanakaanga.

Mzee Pillay alirudi mapema, akanikuta nimekaa. Aliinyanyua sahani, akaielekeza kwenye taa, akaukuta ule mtaro umekuwa mweupe. Akaniuliza, "Fundi, nani kafanya hivi?"

Nikasema, "Mteja."

"Mwambie huyo mteja asikaribie sahani tena maisha yake yote."

Nikamwambia nitamwambia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi Ijumaa ijayo itaniumbua mbele ya wazee wanaonijua tangu ujana, na mimi sitakuwepo. Nimekuambia siwezi kusafiri kwa sababu ya kazi. Kazi gani? Mzee Pillay anafunga duka mwisho wa mwaka, angeniruhusu hata leo. Siji kwa sababu naogopa kukaa kwenye ule mkeka. Nimeona bora niende kaburini bila kumwangalia mama yake Hadija usoni, na yeye hata haoni. Jana nilirudi duka la simu kumwambia. Ikaita mara mbili, nikasikia "Haloo" yake, nikaweka chini.

Kwa hiyo nakutwisha wewe. Sina namna ya kulipamba hilo. Mtoto wa miaka kumi na tisa anakwenda kuanza maisha, chuo cha uuguzi kinamngoja, na baba yake anampa maiti ya kubeba. Mwambie bibi yako kabla ya Ijumaa, kabla wenzake hawajatoa madera yao sandukuni. Usinifichie, na usinitafutie sababu. Mwambie ni mimi niliyemnyamazisha mara ya kwanza kwa wivu na mara ya pili kwa mapenzi. Atauliza lipi lilikuwa baya zaidi. Mimi sijui, lakini naona la pili, kwa sababu la kwanza alikuwa hai na angeweza kunikataa.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Utaikuta mkishavuka mpaka. Hata hapo naogopa, unaona.

Nimebakiwa na jambo moja, na saa zinakwenda, jua limeshapanda ukuta wa jengo la pili.

Sahani ina pande mbili. Ule wa nyuma unajua ni wa Bwana Idi, kiongozi wa kilabu. Wewe hujawahi kuusikia, kwa sababu sikuupiga hata siku moja nyumbani kwangu. Bwana Idi alikuwa mzuri wa sura, na mimi nilikwisha kukuambia nilikuwa mtu wa namna gani. Siku ile Nairobi, zamu yake ya kuimba ilipofika, nilitoka nje nikavuta sigara mpaka akamaliza. Kwa hiyo sindano yangu haikuugusa. Upande ule ni mzima, mpya kama siku ulipotoka kiwandani.

Siku ile dukani, Mzee Pillay alipokwenda mbele, niliigeuza. Na nikakumbuka jambo ambalo mama yako aliniambia ndani ya basi tukirudi, nami nikageukia dirishani kwa ubishi. Kwamba ule wa Bwana Idi walimwitikia wanawake wanne, na yeye alikuwa mmoja wao.

Wapo, Sauda. Wanaitikia mara tano, safi, unasikia hata wanapovuta pumzi. Mpigie bibi yako upande huo. Kati ya wale wenzake watakaokuja huenda kuna waliosimama naye siku ile, watakumbuka nani alisimama wapi. Bibi mwenyewe hatahitaji kuambiwa, ni mwanawe. Atakuonyesha, na wewe utamsikia mama yako bila mimi kati yenu.

Mimi ningekuonyesha leo, kama ningebaki chumba cha kurekodia siku ile. Nimeusikiliza upande huo mara tatu, kwa sindano nzuri, uzito nimeupima mwenyewe. Nimefumba macho, nimefumbua. Nimelala naye miaka mitano, nimemzalisha mtoto, nimemzika. Ni sauti nne, Sauda, na mimi siijui ya mke wangu ni ipi.

Baba yako